Mbwa Aliyesimama Upande wa Bawaba

Mlango wetu wa uani ulikuwa wa mbao, bawaba zake upande wa kulia. Kwa miaka yote niliyomjua, mbwa wa baba alipotaka kutoka alisimama kushoto, pua kwenye mwanya, akasubiri mtu amfungulie. Asubuhi moja nikiwa natoka kwenda kazini nilimkuta amesimama kulia. Pua ameielekeza katikati ya bawaba mbili, mahali ambapo mlango haujawahi kufungukia tangu ulipotundikwa. Niliufungua. Hakugeuka. Mlango uko wazi, hewa ya ziwani inaingia, naye bado anasubiri bawaba zimfungulie.

Nilicheka, nikamsukuma kwa goti, akatoka. Sikuliandika popote jambo hilo, ingawa kuandika ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa mpimaji kwenye kituo cha hali ya hewa karibu na uwanja wa ndege: nasoma joto, nasoma mvua, natazama mawingu na upande unakotoka upepo, kisha naandika kwenye daftari kubwa kwa saa zilizopangwa. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa na maneno aliyomwambia kila mgeni siku ya kwanza: andika ulichokisoma, usiandike ulichokitegemea. Mbwa kusimama upande mbaya wa mlango hakukuwa kitu cha kuandikwa. Nalitaja kwanza kwa sababu ndilo la kwanza ninaloweza kuliapia.

Tulikaa Ilemela, kwenye mlima wa mawe, nyumba imebanwa kati ya majabali mawili kiasi kwamba ukuta mmoja hatukuujenga, tuliukuta. Kutoka kizingitini ulishuka ngazi za udongo mpaka barabarani. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na baraza la fundi cherehani, mzee wa Kiislamu aliyeanza kushona pale kabla sisi hatujahamia.

Baba alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo Nyakato, upande wa kusokota nyuzi. Alimleta mbwa nikiwa darasa la tano, mdogo wa kutosha kukaa ndani ya kofia. Alimpa jina, lakini mimi na mama hatukulitumia. Tulisema mbwa wa baba, na mwenyewe aliishi kama aliyesikia. Kila asubuhi alimsindikiza mpaka barabarani, akakaa kwenye jiwe hadi basi la kiwanda lipite, akapanda kurudi. Saa kumi alasiri alishuka tena bila kutumwa. Mama alikuwa haangalii saa. Mbwa akisimama mlangoni, alibandika birika la chai.

Halafu miaka ile ikaja ambayo viwanda vilianza kubandika getini majina ya waliopunguzwa kazi. La baba lilibandikwa kwenye orodha ya pili. Hakulalamika sana. Aliungana na wenzake wawili, wakawa wanakwenda visiwani kwa boti na barafu kununua sangara kwa ajili ya viwanda vipya vya minofu. Mbwa aliacha kushuka saa kumi. Baba sasa aliondoka na kurudi wakati wowote, na mbwa alilala kizingitini akimngojea hapo hapo.

Safari moja hawakurudi. Boti ilionekana siku ya tatu, imepinduka. Miili ya wale wawili ilipatikana. Wa baba haukupatikana.

Ilikuwa imepita miaka miwili na miezi kadhaa Jumapili ile baba mdogo alipokuja. Alikuwa mdogo wake baba wa tumbo moja, anakaa Usagara kwenye shamba la ukoo pamoja na bibi. Alileta viazi vitamu kwenye mfuko, akakaa, akanywa maji, akauliza habari za kazi yangu na kama mvua itanyesha.

"Wewe si ndiye unayeileta," alisema. "Huku kwetu umetusahau."

"Mimi naipima tu, baba mdogo."

"Basi ipime ikiwa Usagara."

Kisha akaweka kikombe chini. "Shemeji, nimetumwa."

"Na nani?" mama akauliza.

"Na mama. Anasema anataka kumzika mwanawe kabla hajazikwa yeye."

Watu wa upande wa baba asili yao ni visiwani. Kwao mtu akipotea ziwani na mwili usionekane, unazikwa mgomba badala yake. Shina linavishwa sanda, linalazwa kaburini, watu wanalia, wanakaa matanga, wanamaliza. Hilo lisipofanyika, mtu huyo anahesabiwa yuko safarini. Mama yake hawezi kuitwa mfiwa, na mkewe si mjane. Lakini neno la mwisho ni la mke. Asiposema ndiyo, hakuna panga litakaloinuliwa, hata bibi akipiga magoti.

Mama alitazama mikono yake. "Nipe mwezi mmoja," alisema.

Niliamini kwamba mwezi ukiisha angekubali. Alikwisha kuzitoa nguo za baba kwenye sanduku, akazikunja upya, akaziweka juu, kama mtu anayejiandaa kuziachia. Baba mdogo naye aliamini. Aliondoka akiwa mwepesi.

Wiki ya pili ya mwezi huo, nilipotoka kazini, mama alinipokea mlangoni.

"Umemwona?"

"Nani?"

"Mbwa. Ameshuka barabarani. Saa kumi, mwanangu. Amekaa kwenye jiwe lake."

Alinishika mkono, tukatazama chini. Kweli alikuwapo, mgongo kwetu, masikio yameanguka. Mbwa ambaye hakuwa ameshuka kumngojea mtu kwa miaka mitatu.

"Mbwa haendi barabarani bure," mama alisema. "Kuna kitu amesikia."

Asiyekaa kando ya ziwa anaweza kumwona mama yangu kuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Habari zilikuwapo za watu waliochukuliwa na upepo mpaka ng'ambo ya mpaka, wakashikwa, wakakaa mahabusu mwaka mzima bila mtu wa kupeleka salamu, kisha siku moja wakaonekana mwaloni, boti za samaki zinapotia nanga, wamekonda, na wake zao wamekwisha vua nguo za msiba. Hata mimi nilimjua mmoja kwa sura. Na mbwa yule kwa miaka kumi hakuwahi kukosea saa.

Kesho yake mama alimpa ujumbe dereva wa lori anayepita Usagara: "Mwambie shemeji asikate kitu." Alifua mashati matatu ya baba, akayaanika juu ya jabali. Saa kumi alibandika birika. Tulikunywa chai wawili, na kikombe cha tatu kilikaa kwenye sinia kimefunikwa kisahani.

Siku hiyo ndipo nilipoanza daftari. Nasema wazi kwamba sikulianza kwa ajili ya ukweli. Nililianza ili kumtetea mama. Nilijua baba mdogo atarudi na atasema mbwa ni mbwa, nami nilitaka nimwekee mezani saa na siku: tazama, kila siku saa kumi, saa ya basi. Nilitaka pia iwe hivyo kwa ajili yangu. Nilipokuwa kituoni nikisoma upande wa upepo, kwa miaka miwili ile, mkono wangu uliandika nyuzi za dira lakini kichwa kilikuwa kinauliza upepo huo ungemfikisha wapi.

Kwa kuwa mchana nilikuwa kazini, nilihitaji macho ya mtu mwingine. Nilivuka barabara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti." Fundi hakuinua uso kutoka kwenye sindano. "Umekuja kumshitaki mbwa au kumtetea?"

"Nimekuja kuuliza anashuka saa ngapi."

"Mimi simgusi, hilo unalijua. Lakini kumtazama hakutengui udhu." Akakanyaga cherehani, akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno. "Saa ngapi? Leo ameshuka mara nne."

"Mara nne?"

"Wakati wa taarifa ya habari ya saa nne, huyo. Akapanda. Naweka kola, huyo tena. Adhuhuri nimekwenda msikitini, nimerudi, namkuta. Na sasa hivi."

"Labda hujui, mzee, jana alikuja saa kumi tu."

"Jana? Jana alikuja saa kumi kwa sababu saa kumi ndipo mama yako alipochungulia."

Sikupenda alivyosema, lakini niliandika. Kisha nikamwomba aniwekee alama ya chaki ukutani kila akimwona, na apige hesabu ya saa kwa redio yake. Alikubali kwa sharti kwamba nisimwambie mkewe anamfanyia mbwa kazi ya ukarani.

Ndani ya siku kumi nilikuwa na kurasa zilizojaa, na hazikusema nilichotaka. Alishuka asubuhi na alishuka adhuhuri. Siku moja ya mvua hakushuka kabisa, akalala kutwa kama gunia. Siku nyingine alishuka, akapanda na kushuka tena bila kupumzika mpaka miguu ya nyuma ikawa inatetemeka. Nilizipanga saa hizo kwa safu kama tunavyopanga za mvua, nikatafuta saa kumi ijitokeze juu ya nyingine. Haikujitokeza.

"Halafu kuna jambo jingine," fundi aliniambia siku ya kumi na moja. "Zamani alikuwa anakaa juu ya jiwe, uso upande wa Nyakato, basi linakotokea. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Siku hizi anasimama, uso kwenye jiwe."

"Anatazama jiwe?"

"Jiwe lenyewe. Kama mtoto aliyeadhibiwa. Na juzi ameizunguka nguzo yangu hii, kushoto, kushoto, kushoto. Nikamwambia, wewe, utaichosha nguzo ya watu."

Nilianza kumtazama nyumbani kwa jicho ambalo sikuwa nimelitumia. Nilimwona akila nusu ya ugali wake, akiinua kichwa na kuondoka, kisha akirudi kuunusa kama umewekwa na mtu mwingine. Nilimwona ameingia kati ya pipa la maji na jabali, ameshindwa kurudi nyuma. Alisimama pale kimya mpaka nilipolisogeza pipa. Mbwa yule alijua kurudi kinyumenyume kwenye mashimo ya panya. Alijikojolea kwenye gunia alilolilalia, jambo ambalo hakulifanya hata akiwa mdogo. Mchana alilala, na usiku mara kwa mara tulimsikia akilia kwa sauti moja ndefu, asitafute kitu. Mama alirudi kutoka kanisani amefunga kitambaa kipya, mbwa akambwekea, akarudi nyuma mpaka ukutani. Mama alicheka. "Hata mimi sijijui na kitambaa hiki," alisema.

Nami jioni moja nilichuchumaa mbele yake, nikamshika kichwa. Macho yalikuwa na ukungu wa buluu. Yalinitazama kwa adabu, kama mgeni anavyomtazama mwenyeji ambaye hakumbuki wameonana wapi.

Majirani walianza kusema kichaa cha mbwa. Hilo halikuwa jambo la mzaha, kwa maana mbwa akisemwa hivyo hapelekwi kokote. Anapigwa mawe hapo hapo. Nilikwenda ofisi ya mifugo kabla haijafika huko, na bwana mifugo akapanda siku ya pili yake na pikipiki, kasha la chanjo limefungwa nyuma kwa mpira. Mama alikuwa sokoni.

"Dada, ana miaka mingapi huyu?"

"Kumi na minne kasoro."

"Ya mbwa?"

"Ya kalenda."

Alivua kofia, akamchungulia mbwa upya kwa heshima. "Tangu nimalize chuo sijamwona wa umri huu. Hapa mbwa hafi kwa uzee. Anagongwa na gari, anachapwa, au anakula kitu. Mlimlisha nini?"

"Ugali na vichwa vya samaki."

"Nami nianze."

Alimmulika macho na tochi. Alipiga makofi nyuma ya sikio moja, kisha la pili. Alidondosha kipande cha pamba mbele ya pua yake aone kama macho yatakifuata. Alimwongoza mpaka kwenye kona ya ukuta, akamwachia, tukangoja. Mbwa alibaki kwenye kona. Nilimpa daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa amesimama, na alipomaliza alilifunga taratibu.

"Si kichaa. Mwenye kichaa asingekupa kurasa zote hizi, angekuwa amekufa siku nyingi. Huyu ubongo umezeeka. Bibi yangu alikuwa hivi hivi, alikuwa anachota maji kwenye ndoo na kuyarudisha kwenye ndoo."

"Kuna dawa?"

"Kuna kumvumilia. Msihamishe vitu uani. Msimfokee."

"Anakwenda barabarani kila siku," nilisema. "Mahali alipokuwa akimngojea baba."

"Anakwenda. Miguu imezoea njia. Kichwa hakijui ya nini."

"Kwa hiyo hamngoji mtu."

Alinitazama. "Kuna mtu anayengojewa hapa?"

Nilimshika mbwa kichwa. Alimchoma chanjo ili majirani waone na watulie, akaondoka. Nililiingiza daftari chini ya godoro langu, na mama aliporudi nikamwambia bwana mifugo amesema si kichaa. Hilo lilikuwa kweli. Mengine sikuyasema.

Sikuyasema kwa wiki tatu. Najua kwa nini, na sioni haja ya kujipamba. Mama alikuwa ameanza kuzungumza. Tangu boti ipinduke alikuwa akijibu maswali tu, lakini sasa, akipepeta mchele au akichambua dagaa, alinieleza mambo ya baba ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwamba walionana mara ya kwanza kwenye foleni ya kuuza pamba, na baba akamwachia nafasi yake mbele, na babu akamshuku kuwa mwizi wa pamba. Kwamba akiwa peke yake baba alikuwa akihesabu ngazi zetu kwa sauti na kila mara anapata idadi tofauti. Nilikaa sakafuni nikamsikiliza. Baba alikuwa anarudi kweli jioni hizo, kipande kwa kipande, na mlango wa kuingilia alikuwa mbwa. Ningemwambiaje kwamba mlango huo nyuma yake hakuna chumba?

Kisha ujumbe ukaja kutoka Usagara: bibi ameacha kula. Anauliza kila asubuhi kama mgomba umekatwa.

Mama aliusikia ujumbe huo. Nilimwona anaumia, alimpenda yule bibi. Lakini kumkubalia ilikuwa ni kumzika mumewe aliye njiani. Nilipanga nimwambie Jumamosi, siku ambayo siendi kituoni. Nilipanga hata maneno.

Jumamosi hiyo, saa kumi ilipokaribia, mama aliingia ndani, akatoka amevaa khanga yake nzuri. Mbwa alikuwa mlangoni, upande wa bawaba kama kawaida yake mpya. Mama alimfungulia.

"Leo nakwenda naye," alisema. "Kama yuko, nimwone mimi kwanza."

Nilishuka nyuma yao. Mama alikaa kwenye benchi la fundi, mimi nikasimama kando. Fundi alimsalimu, akasimamisha cherehani, na kwa mara ya kwanza nikiwa pale hakuwa na la kuchekesha.

Mbwa alisimama na uso kwenye jiwe. Mama alitazama hilo muda mrefu. Kisha gari la abiria likasimama, wakateremka watu watatu. Wa kwanza alikuwa mwanamume mrefu mwenye mkoba begani. Mbwa aligeuka, akamnusa, mkia ukaanza kutikisika, akamfuata. Mama aliinuka nusu. Mtu yule aligeuka, akamwona mbwa nyuma yake, akainama kuokota jiwe. Uso wake haukuwa uso tuliokuwa tunaujua. Mbwa akasimama, akasahau. Akapita mwanamke na beseni la samaki kichwani, mbwa akamfuata yeye, mkia ule ule. Mwanamke akapiga kelele. Akaja mtu na mbuzi wawili kwa kamba, na mbwa akawafuata mbuzi.

"Anamfuata kila mtu," mama alisema.

Fundi alikohoa. "Ndivyo, mama. Wiki nyingi sasa."

Alipowaacha mbuzi, mbwa alianza kupanda kurudi. Alipita ngazi zetu. Alipanda ngazi za jirani wa tatu, akasimama mbele ya mlango ambao hakuwahi kuuingia katika maisha yake, akangoja. Mlango ule ulifunguliwa, ukafungwa. Akashuka. Akaangalia barabara juu na chini, na tukaona wote watatu kwamba hajui nyumbani ni wapi. Kutoka hapo mpaka kwetu ni hatua ishirini.

Mama alivuka barabara. Alifungua khanga yake ya juu, akaizungusha shingoni mwa mbwa, akashika ncha mbili, akamwongoza. Walipanda polepole, ngazi moja, wanapumzika, ngazi nyingine. Mimi nilikuwa nyuma na sikusaidia, kwa sababu haikuwa kazi ya watu wawili.

Uani alimlaza kwenye gunia, akabaki amechuchumaa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Alipokuja bwana mifugo. Na kabla yake kidogo."

"Wiki tatu."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Alikuwa anamtoa mbwa nyasi kwenye manyoya ya shingo. "Wiki tatu hizo nimelala vizuri," alisema. Hakuniambia kama ananishukuru au ananilaumu, na mpaka leo sijui. Baada ya muda akauliza kama daftari lipo. Nililileta. Alikuwa msomaji wa polepole, mwenye kufuata mstari kwa kidole. Alisoma mpaka mwisho, na alipofika kwenye siku ya kitambaa, alirudi akaisoma tena.

"Hukuandika kwamba nilicheka," alisema.

Kesho yake asubuhi alimtuma mtu Usagara. Ujumbe ulikuwa na maneno mawili: Jumamosi, kateni.

Mbwa aliishi miezi minne zaidi, nami nalisema hapa maana baada ya hapa habari si yake tena. Mama hakumtarajia kitu chochote, na nadhani ndipo alipompenda kweli. Kila asubuhi alimshika kiuno kwa mikono miwili, akamgeuza kutoka kwenye bawaba mpaka kwenye mwanya, bila kumharakisha. Alikufa mchana, amelala kwenye kivuli cha jabali, na tulimzika pale pale penye udongo kidogo. Ninapokumbuka nyumba ile, ninachokitamani si mbwa alivyokuwa kijana. Natamani kumwona mama akimgeuza.

Siku ya maziko ya baba tulimwacha mbwa na fundi. "Nitamtazama kama nilivyomtazama siku zote," alisema. "Kumshika, hapana. Akitaka kupotea nitapiga kelele mpaka mke wangu ajitokeze." Mama alimcheka, na kucheka kwenyewe kukamtoa machozi.

Usagara watu walikuwa wamekwisha kusanyika. Bibi alikaa juu ya mkeka mlangoni, mdogo kama mtoto, akamshika mama usoni kwa viganja vyote viwili. Kaburi lilikuwa limechimbwa karibu na la babu. Baba mdogo na wanaume wa ukoo walikuwa migombani, wameangusha shina moja nene na kulimenya maganda ya nje, likawa jeupe, linatiririka maji. Walilisimamisha, wakaliegemeza kwenye mti. Sasa lilipaswa kukatwa kwa urefu wa marehemu, na hapo wakakwama.

"Alikuwa ananizidi kidogo," baba mdogo alisema. "Hapa."

"Hapa wapi! Alikuwa mfupi kwako," akadakia binamu yake.

"Mfupi kwangu? Shati langu lilikuwa linamfika kitovuni."

"Kwa sababu shati lako lilikuwa la shule."

Watu walicheka, kisha wakaona aibu, kisha wakaendelea kubishana. Kila mmoja aliweka kiganja mahali pake. Mimi nami nilijaribu. Nilikuwa mtu wa vipimo kwa kazi, nilikuwa na saa mia na ushee za mbwa kwenye daftari, na sikujua urefu wa baba yangu. Nilikumbuka alivyoinama mlangoni petu, lakini kila mtu aliinama mlangoni petu.

Mama alitoka kwa wanawake, akaja. Wanaume walimpisha. Alivua kandambili zake. Alilisogelea shina mpaka kifua kikaligusa, akasimama wima, akageuza uso pembeni, shavu likalalia ule weupe. Alikaa hivyo kidogo kama anayesikiliza. Kisha akainua mkono, akaugusisha juu ya kichwa chake mwenyewe.

"Hapa ni begani kwake," alisema. "Ongeza shingo na kichwa."

Baba mdogo aliweka kiganja, akapanda shibiri moja na vidole vinne, akachora alama kwa ncha ya panga. Alingoja. Mama hakutoka. Aliendelea kusimama pale, shavu kwenye shina, maji ya mgomba yakimlowesha blauzi, na hakuna aliyemwambia asogee.